Meza ya Fundi Uzi

Siku ya kwanza alipokalia kile kigoda mbele ya mashine, aliuweka ubao juu ya bamba la chuma akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Mume wake alisimama nyuma yake, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, uso umeelekea darini kama mtu anayenusa mvua. Haoni. Sukari ilimla macho, kwanza la kushoto, halafu la kulia, na hilo la kulia lilipoondoka liliondoka na kazi yake.

"Washa," akasema.

"Nawasha wapi?"

"Chini ya meza, karibu na goti lako. Papasa."

Akapapasa, akawasha. Mashine ikaunguruma, na ule msumeno wake ukaanza kupanda na kushuka pale kwenye tundu la bamba. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyowahi kuuona kwa mbali alipokuwa akimletea mumewe chakula. Ndiyo maana karakana nzima waliuita uzi, na mumewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeuweza kama yeye, wakamwita Fundi Uzi.

"Sasa mpelekee mbao," akasema Fundi. Uzi alikuwa akiuzungumzia hivyo, kama mtu. "Pole pole. Usimsukume. Wewe mpe tu, atakula mwenyewe."

Alisukuma. Nani asingesukuma? Mwanamke aliyefua nguo za watu tangu ujana wake anajua jambo moja kuhusu kazi, kwamba ukitaka iishe uitilie nguvu. Uzi ukapinda, ukalia, ukakatika, na kipande chake kikaruka kikamgonga kidevuni. Hakikumkata. Lakini aliachia ubao akajishika uso kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo kicheko kilipopasuka kwenye meza ya jirani.

"Mama, hiyo si cherehani," alisema Fundi Milango. Huyu alikuwa bonge la mtu, mabega mapana, mdomo hauna breki. "Wala si beseni la kufulia. Taratibu, usije ukaisugua."

Wengine wakacheka naye. Hawakuwa watu wabaya, tuseme ukweli. Ni wale wale waliompitishia Fundi mchango alipolazwa. Lakini kicheko ni kicheko, na yeye alikuwa amekaa katikati yake na vumbi la mbao kichwani, amesahau hata pa kuzimia mashine.

Walipotoka getini alimshikisha mumewe kiwiko chake, akamwongoza kama kawaida yao. Hakumvuta. Mumewe hakupenda kuvutwa. Yeye alisema tu, na mumewe akafuata sauti.

"Mtaro. Panua hatua. Haya. Sasa nyoosha."

Akavuka mtaro, akanyoosha.

"Sirudi pale watu wakiwepo," akamwambia. "Labda Jumapili. Jumapili karakana iko tupu."

Fundi alifikiri kidogo. Halafu uso ukamchangamka, na haukuwa umechangamka siku nyingi.

"Hata mimi Jumapili ni bora," alisema. "Mashine nyingine zimezimwa. Nitamsikia uzi vizuri. Mimi nikimsikia, wewe huwezi kupotea."

Wakakubaliana hapo hapo barabarani, wameridhika kabisa na akili yao.

*

Sasa, kwa nini mwanamke wa makamo, asiyewahi kushika hata nyundo, aende kujitia aibu mbele ya mafundi? Kwa sababu ya kanuni ya karakana. Meza pale haikai bila mkono. Fundi akifa, akiugua au akihama, meza na mashine vinarudi kwa wanachama wa ushirika, wanampa mwingine aliye kwenye foleni. Ila kuna mlango mmoja umeachwa wazi: mtu wa nyumbani kwake, mke, mume, mtoto, ndugu, anaweza kuirithi meza akikata kipande mbele ya mwenyekiti na wanachama, siku ya kazi, kwa mkono wake. Akikata vizuri, meza yake. Akishindwa, anaaga anaondoka.

Mwenyekiti aliwapa muda hadi mwisho wa msimu wa mvua. Wengine walisema amewapendelea.

Na kwa sababu ya wifi yake. Dada mkubwa wa Fundi aliwatembelea mara tu baada ya macho kuisha, akaketi kwenye kiti chao pekee cha maana, akakitazama chumba kuanzia dirisha hadi kitanda. Alikuwa na duka la vitambaa na nyumba yake mwenyewe mji mwingine, na alizungumza kama mtu aliyezoea kupima na kukata.

"Wifi, mimi sifichi neno," alisema. "Kaka yangu amekuwa mtu wa kushikwa mkono. Nyinyi hamkujaliwa mtoto wa kuwasaidia. Hiyo meza ikichukuliwa mtakula nini?"

"Nitafua, wifi. Nilifua zamani."

"Utafua, na yeye utamwacha na nani? Aanguke kwenye ngazi zenu hizo? Mimi nina chumba kimoja. Kitanda kimoja. Nacho ni cha kaka yangu."

"Na mimi?"

Wifi alijitengeneza mtandio. Haikuwa rahisi kwake kulisema, lakini alilisema.

"Wewe ni mzima, una mikono. Usinielewe vibaya. Ningekuwa na nafasi ningewachukua wote."

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anasuguasugua kidole gumba kwenye goti. Ndipo akasema, "Meza haichukuliwi. Huyu atajifunza."

"Nani? Huyu?"

"Huyu."

Wifi akamtazama yule mwanamke kwa namna ambayo hata kipofu aliihisi chumbani. Kisha akasema haya, ajifunze, atakuja siku inayofuata mtihani, na kama mambo hayakwenda, kaka yake awe amefungiwa nguo zake. Alipoondoka, mke alikirudisha kile kiti ukutani akaketi upande wa pili wa kitanda. Walikuwa wameishi pamoja tangu wakiwa na meno yote, wamegombana, wamenuniana, mara moja walilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, wiki nzima kwa ajili ya sufuria. Lakini kutengana hakukuwahi kuwamo katika hesabu zao.

"Unaogopa?" Fundi aliuliza.

"Naogopa sana."

"Basi tuko wawili," akasema, na akanyoosha mkono hewani, akiutafuta mkono wake.

*

Jumapili karakana ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Mlinzi aliwafungulia, akarudi kwenye redio yake getini. Mapipa ya vumbi la mbao, milango iliyosimamishwa ukutani haijapata bawaba, harufu ya gundi. Mbele ya mashine ya nakshi, ile ya uzi, watu wawili.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Alifunga uzi juu chini, meno yakatazama juu, na alipowasha ubao ukarukaruka mikononi mwake kama kuku aliyeshikwa mabawa. Fundi alisikia tu, akapiga meza kwa kiganja.

"Meno chini! Nimekwambia meno yatazame chini! Mtu gani asiyejua chini na juu?"

"Usinipigie kelele. Mimi si mwanafunzi wako."

"Wewe ni nani kwangu hapa? Hapa wewe ni mwanafunzi wangu."

Alinuna, na kwa kununa akafunga vizuri. Akajifunza kupapasa uzi kwa ncha ya kidole ajue meno yametazama wapi. Akajifunza kuukaza mpaka ukiupiga kwa ukucha unatoa mlio mwembamba, na Fundi anasema, "Bado. Bado. Hapo." Akajifunza kwamba kazi ya uzi ni kusimama pale pale, na kazi yako ni kuuzungusha ubao. Akajifunza kwamba matundu ya ndani hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho, maana ukianza na nje hubaki na kijipande ambacho hata vidole havina pa kukishikia. Kwa matundu ya ndani unatoboa kwa keekee, unafungua uzi juu, unaupitisha kwenye tobo kama unatunga shanga, unaufunga tena. Hilo alilipenda. Hilo lilimkumbusha shanga alizotunga utotoni.

Kilichomshinda ni kona. Kwenye mstari ulionyooka alikwenda. Kwenye mpindo mpana alikwenda. Ikifika ncha ya jani, umbo walilokuwa wakijifunzia, pale mstari unaporudi ulikotoka, alikuwa akiukodolea macho uzi mpaka machozi yanamtoka, na mkono unageuza kabla ya wakati au baada. Ubao baada ya ubao uliharibika. Akawa anaota ncha za majani.

Siku moja, baada ya kuharibu tena, aliinamisha kichwa juu ya bamba akalia. Fundi alimwacha alie. Halafu akasema kwa upole, "Mwenzangu. Wewe unamtazama sana. Macho yana hofu. Acha macho, nisikilize mimi."

Fundi alikuwa na ufundi ambao hakuna aliyeujua, pengine hata yeye mwenyewe hakuujua alipokuwa anaona. Ubao ukikatwa kufuata nyuzi zake, ile mistari ya mti wenyewe, hutoa sauti moja, ukikatwa kukatisha nyuzi hutoa nyingine, na katikati yake mna sauti chungu nzima. Mkewe aliukandamiza mchoro kwa kalamu ya risasi mpaka ukaacha mfereji, Fundi akaupitia kwa kidole mara moja, akaushika kichwani. Kisha mashine ikiwashwa alisikiliza, na kwa sauti tu alijua uzi umefika wapi.

"Twende. Twende. Twende. Anapanda sasa, unamsikia? Jiandae. Geuza."

Akageuza. Uzi ukapita kwenye ncha, safi, kama ulivyokuwa ukipita enzi za mumewe.

Alizima mashine akalitazama lile jani asiamini. Fundi alinyoosha mkono, akalichukua, akalipapasa kuanzia kikonyo hadi ncha, na akacheka. Alicheka kicheko cha ndani, mabega yanapanda na kushuka. "Hili ningelitia sahihi," akasema.

Tangu hapo ikawa raha. Yeye anakata, mumewe anasema. Twende, jiandae, geuza. Wakapatana mpaka hakuhitaji tena kufikiri; sauti ikitoka kinywani mwa mumewe mkono wake tayari unageuka. Akiwa njiani kurudi nyumbani yeye anasema, "Mtaro, panua, ngazi, panda, panda," na mumewe anapanda. Kule karakana mumewe ni macho yake, huku nje yeye ni macho ya mumewe. Hata watu wa mtaa walitania kwamba wale wawili wamekuwa mtu mmoja mwenye miguu minne.

Mara moja tu, Jumapili ya karibu na mwisho, alisema, "Leo nijaribu peke yangu. Wewe nyamaza."

Fundi akauachia ukingo wa meza. Mwanamke yule alimwona jinsi uso ulivyomshuka, jinsi vidole vilivyoanza kutafuta goti. Mtu aliyepoteza kila kitu alikuwa amepata tena kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kusema geuza.

"Utaharibu ubao bure," akasema. "Wa nini? Mimi si nipo?"

Akamhurumia. Akasema kweli, wa nini. Akawasha, na wakaendelea kama siku zote.

*

Mtihani ulipangwa asubuhi ya siku ya kazi. Alivaa gauni lake la kutokea akajifunga aproni ya mumewe juu yake, akakunja mikono. Fundi alinyoa. Njiani alikuwa na maneno mengi, anacheka na wapita njia, anasalimia watu kwa kuwatambua sauti.

Kelele walizisikia kabla hawajafika getini. Mkewe alizisikia kama kelele tu, zile za kila siku za karakana, msumeno mkubwa unapasua, nyundo, mtu anaita mtu. Lakini mkono wa mumewe uliokuwa kwenye kiwiko chake ulikaza ghafla.

"Randa imewashwa," akasema Fundi.

"Ipi?"

"Ya Fundi Milango. Ile kubwa."

Mashine ya randa ilikuwa hatua chache tu kutoka meza ya nakshi, na Fundi Milango alikuwa ana rundo la mbao za milango ya kuwasilisha siku hiyo hiyo. Kila ubao aliouingiza ulitoa mlio wa kukwangua masikio, ukimaliza anaingiza mwingine. Wanachama walishakusanyika. Mwenyekiti, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa amechora jani juu ya ubao mwembamba: jani moja, matundu matatu ndani, ncha ndefu.

"Mkewe ndiye atakayekata," alisema. "Fundi, unaruhusiwa kusimama. Kugusa huruhusiwi."

"Sitagusa. Lakini mwenyekiti, nina ombi. Izimwe hiyo randa kwa muda."

Mwenyekiti alilazimika kumsogelea amsikie.

"Kwa nini?"

"Sisikii kitu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuwa mtu wa kudhalilisha watu, na alichosema alikisema kwa sauti ambayo aliitaka isifike mbali, ila kwa sababu ya randa ilibidi aipandishe, ikafika mbali.

"Fundi, wewe umekata hapa miaka yote hiyo randa ikipiga kelele pembeni yako. Ulisema neno?"

"Nilikuwa na macho, mwenyekiti."

"Na yeye anayo."

 Fundi akarudi nyuma hatua moja. Yule mwanamke alitamani kusema kitu, aseme hajui kukata bila yeye, aseme wapewe Jumapili moja tu waje waone wenyewe. Lakini hayo ndiyo maneno ambayo yangeichukua meza kabla hata mashine haijawashwa. Akaketi kwenye kigoda.

Matundu ya ndani alitoboa vizuri. Alifunga uzi meno chini, akaukaza, akaupiga kwa ukucha, asiusikie. Akawasha. La kwanza lilikuwa duara na duara halina kona, likatoka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eh, mama," kwa sauti ya kuheshimu. La pili lilikuwa na umbo la tone. Alifika kwenye ncha yake akatulia.

Akasubiri. Alijua hapa ndipo. Aliuona mstari unavyogeuka, ulikuwa wazi, wino mweusi juu ya mbao nyeupe, hata mtoto angeuona. Lakini mkono haukugeuka. Mkono ulikuwa unangoja neno. Uzi ukaendelea kupanda na kushuka pale pale, ukala kishimo kidogo, moshi mwembamba ukapanda na harufu ya kuungua. Akashtuka akageuza mwenyewe, kwa kuchelewa.

Tundu la tatu likawa vile vile. Sasa hakuna aliyesema eh, mama. Jasho lilimtiririka likadondoka kwenye bamba. Alipoanza ukingo wa nje kila mpindo ulimsimamisha, kila mpindo uliungua, na kila alipoinua macho kidogo aliwaona watu wameanza kutazama viatu vyao.

Fundi alikuwa amesimama shingo imenyooka, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kwa uso mzima. Hakusikia uzi. Lakini ile harufu aliinusa. Mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote akinusa mbao inaungua anajua kuna mkono umesimama, na alijua ni mkono wa nani na kwa nini umesimama. Hakuweza kuvumilia. Akajaribu kukisia. Alihesabu kichwani mwendo wa mkewe, akakumbuka majani aliyozoea kuyapapasa Jumapili, akaona sasa lazima atakuwa kwenye ncha.

"Geuza," akasema kwa nguvu, juu ya kelele ya randa.

Hakuwa amefika. Palibaki upana wa kidole kizima, na yule mwanamke aliuona. Aliuona mstari mweusi unaendelea mbele yake mpaka kwenye ncha ndefu aliyoichora mwenyekiti. Na mkono wake ukageuza.

Ncha ikabaki upande wa takataka. Aliikata kabisa, akamaliza upande wa pili kwa sababu hakujua kufanya jingine, akazima. Kilichokuwa kwenye bamba hakikuwa jani tena. Kilikuwa kitu butu, kama ulimi.

Fundi Milango alikuwa ameizima randa yake sasa, alipomaliza mbao zake. Alikuja akatazama. Akatoa kitambaa mfukoni akampa yule mwanamke ajifute uso.

"Mama," alisema mwenyekiti, "pole."

*

Walirudi nyumbani wakipita njia ile ile. "Mtaro," alisema. "Panua." Mumewe akapanua. Walipofika chumbani mkewe akavua ile aproni akaitundika kwenye msumari, halafu akaitoa kwenye msumari akaikunja, maana haikuwa na haja ya kutundikwa.

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Hicho kipande umekuja nacho?"

"Nimekitupa."

"Hujakitupa. Nasikia mkono wako uko mfukoni."

Akampa. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyepeleka daftari, amekunja mikono kifuani. Fundi alianza na matundu. Kidole gumba kikapita kwenye duara, kikazunguka, kikatoka. "Hili zuri," akasema. Kikaingia kwenye tone, kikaenda, kikafika kwenye ncha na kuzama kwenye kile kishimo kilichoungua. Kikatulia hapo. Kikarudi nyuma, kikaja tena, kikazama tena.

"Hapa ulikuwa unanisubiri," akasema.

Mkewe akaitazama ile aproni iliyokunjwa.

Kidole kikahamia tundu la tatu. "Na hapa." Kikatoka nje, kikaufuata ukingo wa jani. "Na hapa. Na hapa. Hapa ulisubiri sana." Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesoma kitu kigumu. Kisha akafika kwenye ule mwisho butu. Akaupapasa kwa vidole vyote.

"Hapa nilisema."

"Mkono uliteleza," akasema mkewe.

"Uliuona mstari?"

"Nimekwambia mkono uliteleza."

"Uliuona?"

Mkewe akakaa chini, sakafuni, karibu na magoti ya mumewe.

"Niliuona," akasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, pole pole, kama mtu anayekubaliana na habari ya msiba. Machozi yalimtoka kwenye yale macho yasiyofaa kwa kitu kingine. "Ulitaka kujaribu peke yako," akasema. "Siku ile. Nikakukataza." Mkewe alimwambia aache, amekwisha kusahau. Hakuwa amesahau, na mumewe alijua hakuwa amesahau, na wote wawili wakaliacha hapo kwa sababu hakuna aliyekuwa na pa kulipeleka.

*

Wifi alikuja kesho yake kama alivyoahidi. Hakusema, "Si nilisema?" Tumpe haki yake, hakusema. Alileta mkate, akamuuliza yule mwanamke ana mpango gani, akaambiwa kuna nyumba mbili zinataka mfuaji na moja ina kibanda cha uani cha kulala. Wifi akasema hiyo si mbaya. Akasema atampigia simu. Akasema mambo yakitengemaa, nani ajuaye.

Nguo za Fundi zilikuwa zimekwisha fungwa. Hazikujaza hata begi. Kile kipande cha jani Fundi alikitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati, upande wa kifuani, na mkewe alipotaka kukitoa akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Dawa zake asubuhi na jioni," mkewe alimwambia wifi. "Chai asiwekewe sukari hata akiomba. Ataomba. Na usimvute, hapendi kuvutwa. Mwambie tu kilicho mbele yake, atakwenda."

"Nimesikia, wifi."

"Ukifika kwenye ngazi, sema ngazi."

"Nimesikia."

Hawakuagana vizuri. Watu waliokaa pamoja hivyo hawajui kuagana, hawakuwahi kujifunza. Fundi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampapasa paji la uso, nyusi, mashavu, kidevu kile kilichogongwa na uzi siku ya kwanza, akipita kila mahali kwa kidole gumba, taratibu, bila kuruka kitu. Kisha dada yake akamshika mkono wakatoka.

Yule mwanamke alibaki mlangoni. Aliwaona wanavuka kibaraza, wifi mbele na begi, Fundi nyuma yake, wanafika mwisho wa kibaraza pale ngazi zinapoanza. Wifi alishuka. Alikuwa na haraka, gari lilikuwa linasubiri, na lile neno akalisahau.

Fundi akasimama. Alihisi ukingo kwa ncha ya kiatu. Mguu mmoja akauinua kidogo, ukabaki hewani, na yeye akainamisha kichwa upande, shingo imenyooka, anasikiliza.

"Njoo basi, kaka," alisema wifi kutoka chini, akimvuta mkono. "Njoo, nimekushika."

Hakwenda. Alivutwa tena, hakwenda. Mguu ulikuwa hewani, na uso haukuwa umeelekea chini kwa dada yake, ulikuwa umegeukia mlangoni.

Mkewe akashika mwimo wa mlango. Alijua akinyamaza hatashuka. Alijua angeweza kunyamaza.

"Ngazi," akasema. "Shuka."

Akashuka.